Kisasi kina kazi yake: Wajir ilivyotafuta njia nyingine ya kuifanya

Mahubiri mengi dhidi ya kisasi hugonga mwamba kwa sababu humchukulia mlipizaji kama mtu aliyepandwa na hasira tu, ambaye akitulizwa na kukumbushwa maneno ya dini atarudiwa na akili zake. Waliowahi kuishi mahali ambapo koo mbili zinawindana wanajua kwamba mambo hayako hivyo. Mara nyingi anayekwenda kulipiza hana hasira hata kidogo. Amekwenda kwa sababu ametumwa, au kwa sababu wakubwa wa upande wake wamekaa, wakapima na kuona kwamba wakinyamaza watavamiwa tena kabla mwezi mwingine haujaandama. Kisasi kilichoota mizizi ni kazi inayofanywa kwa hesabu. Kwa hiyo swali la maana si namna ya kuwafanya watu wawe wapole zaidi, bali ni nani ataifanya kazi hiyo, na kwa njia gani, iwapo bunduki zitawekwa chini.

Mojawapo ya majibu bora ya swali hilo lilipatikana Wajir, wilaya ya zamani na kaunti ya sasa ya wafugaji Wasomali kaskazini mashariki mwa Kenya, inayopakana na Somalia na Ethiopia. Katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1990 vita vya koo viliua huko zaidi ya watu 1,000, na vikaja kupunguzwa makali na watu ambao wengi wao hawakuwa na silaha wala cheo, wakitanguliwa na wanawake. Kabla ya kueleza walichofanya, inafaa kwanza kueleza kwa makini walichokuwa wakishindana nacho.

Kwa nini mtu mwenye akili timamu hulipiza

Mahali ambapo kituo cha polisi kiko mwendo wa siku mbili, mfugaji mwenye ngamia 60 hana ukuta wala mlinzi. Kinachowalinda wanyama wake ni sifa, yaani kila mtu katika malisho kujua kwamba atakayewagusa atafuatwa na ukoo mzima. Sifa hiyo hujengwa kwa miaka mingi na huweza kupotea kwa tukio moja lisilojibiwa, kwa kuwa wanaotazama si waliofanya shambulio peke yao bali ni majirani wote wanaotumia kisima kilekile. Kwa maana hiyo kisasi ni polisi wa mahali pasipo na polisi.

Pamoja na ulinzi kuna deni. Aliyeuawa ameacha mjane, watoto na mikono iliyokuwa ikichota maji kisimani, na katika mila za Kisomali hasara hiyo si ya nyumba moja, bali ni ya kundi zima la ndugu wa upande wa baba waliofungamana kulipa na kulipwa pamoja. Deni lisipolipwa kwa mali hudaiwa kwa damu, na damu hiyo si lazima iwe ya muuaji. Ndugu yake yeyote atakayekutwa njiani anatosha. Tena kuna heshima, ambayo watu wa mijini huidharau upesi mno. Familia iliyoshindwa kumlipia mtu wake haisikilizwi barazani, na mabinti na vijana wake hupata tabu kuoa na kuolewa kwenye nyumba za maana.

Anayemwambia mtu wa namna hii asamehe, bila kumwonyesha nani atalinda ngamia, nani atalea yatima na kwa njia gani familia itakaa tena mbele za watu bila kuinamisha kichwa, anamwomba ajitoe kafara. Husikilizwa kwa adabu, huitikiwa amina, kisha watu huondoka kwenda kusafisha bunduki.

Hesabu isiyofungika

Kama kisasi kina kazi, tatizo lake liko wapi? Liko katika hesabu, ambayo haifungiki hata pale ambapo pande zote mbili zina nia ya kulipa kwa haki.

Mwaka 2003 watafiti wa London walichapisha jaribio dogo ambalo mtu anaweza kulieleza kwa sentensi chache. Watu wawili walikaa, kila mmoja kidole chake kikiwa chini ya kifaa kinachoweza kukandamizwa. Wa kwanza alikandamizwa, kisha akaagizwa amkandamize mwenzake kwa nguvu ileile aliyoipata, si zaidi na si pungufu. Naye mwenzake akapewa agizo hilohilo. Hakuna aliyejua mwenzake ameagizwa nini. Baada ya zamu chache tu nguvu ilikuwa imepanda mno, ikiongezeka kwa zaidi ya theluthi kila zamu, na kila mmoja aliamini kwamba yeye amefuata agizo na kwamba ni mwenzake aliyezidisha. Sababu haikuwa uongo. Ubongo hupunguza hisia ya nguvu ambayo mwili wenyewe unaitoa, ndiyo maana mtu hawezi kujitekenya, na hivyo pigo unalolitoa hulihisi dogo kuliko lilivyo, ilhali pigo unalolipokea hulihisi zima.

Ikiwa ncha za vidole, ndani ya chumba cha majaribio, kati ya watu wasio na ugomvi, haziwezi kurudisha sawa kwa sawa, sioni kwa nini tutarajie usawa kati ya vijana wenye bunduki ambao wametoka kuzika. Ongeza juu ya hapo kwamba pande mbili hazianzi kuhesabu mahali pamoja. Huyu anaanzia wizi wa ngamia wa mwaka jana, yule anaanzia kaka aliyeuawa miaka mitatu iliyopita, na wote wawili wanasema kweli. Kila shambulio lina sura mbili: kwa aliyelifanya ndilo la kufunga hesabu, na kwa aliyetendewa ndilo la kuifungua.

Vitabu vya dini vililifahamu jambo hili mapema kuliko maabara. Katika Kitabu cha Mwanzo, Lameki anajisifu mbele ya wake zake kwamba yeye atalipizwa mara sabini na saba. Ukilisoma agizo la jicho kwa jicho baada ya majigambo hayo, utaona kwamba lilikuja kuweka kikomo, kwamba jicho moja lisidaiwe zaidi ya jicho moja. Qur'ani nayo, katika Sura ya Al-Baqara, inataja kisasi cha mauaji kwa masharti ya usawa, na hapohapo inamfungulia ndugu wa marehemu mlango wa kusamehe na kupokea fidia kwa wema, ikiuita mlango huo nafuu na rehema. Ninaitaja aya hiyo kwa sababu huko Wajir haikuwa nadharia. Dia, yaani fidia ya damu, ilikuwa tayari imo katika dini na katika sheria ya mila ya Kisomali iitwayo xeer, na waliotafuta amani hawakulazimika kubuni kitu kigeni. Walilazimika kukifufua kilichokuwa kimezimia.

Jinsi Wajir ilivyofika hapo

Wajir haikuingia vitani ghafla. Tangu uhuru wa Kenya mwaka 1963 eneo lote la kaskazini mashariki liliwekwa chini ya sheria za hali ya hatari, kwanza kwa sababu ya vita vya shifta, yaani uasi wa Wasomali wa eneo hilo waliotaka kujiunga na Somalia, na baadaye kwa mazoea, na hali hiyo iliondolewa mwanzoni mwa miaka ya 1990 tu. Kwa kizazi kizima serikali ilijulikana kwa sura ya askari. Mwezi Februari 1984, katika operesheni iliyoelezwa kuwa ya kukusanya silaha baada ya mapigano kati ya koo mbili za huko, Wadegodia na Waajuran, vikosi vya usalama viliwakusanya wanaume wa Kidegodia katika uwanja mdogo wa ndege wa Wagalla, karibu na mji wa Wajir. Walizuiliwa juani kwa siku kadhaa bila chakula wala maji, na wengi walipigwa risasi. Serikali ilikiri vifo 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, katika ripoti yake ya mwaka 2013, ilikadiria kwamba waliokufa walikaribia 1,000.

Tukio hilo linaeleza kwa nini baadaye wito wa kuiachia serikali kazi ya kuadhibu ulionekana kichekesho. Kumwita askari hakukuwa njia ya kuepuka kisasi, maana kulikuwa sawa na kukifanya kisasi hichohicho kwa mkono mkubwa zaidi.

Kisha mwaka 1991 serikali ya Siad Barre ikaanguka Mogadishu, na wakimbizi pamoja na bunduki za bei nafuu vikavuka mpaka kwa wingi. Ukame ukaua mifugo na kuwasukuma wafugaji kwenye visima vichache. Uchaguzi wa vyama vingi wa Desemba 1992 ukageuza idadi ya watu wa kila ukoo kuwa suala la nani atakwenda bungeni. Wadegodia, Waajuran na Waogaden walijikuta wanagombea maji, malisho na viti kwa wakati mmoja, wakiwa na silaha ambazo baba zao hawakuwahi kuzishika.

Dekha Ibrahim Abdi, mwalimu aliyezaliwa Wajir mwaka 1964, alikuwa akisimulia usiku mmoja wa wakati huo ambapo risasi zilirindima na yeye akamchukua mtoto wake wakajificha chini ya kitanda. Kulipokucha mama yake alimwambia kwamba naye aliwahi kumficha Dekha vivyo hivyo, wakati wa vita vya shifta. Dekha alisema lililomchoma lilikuwa kuona kwamba mtoto wake naye angekuja kumficha wake.

Sokoni kwanza, barazani baadaye

Mwaka 1993 wanawake kadhaa wa koo mbalimbali, wengine walimu na watumishi wa serikali, waliokuwa wamekutana harusini, walianza kuulizana wafanye nini. Hawakuanza kwa kuandika azimio wala kuitisha maandamano. Walianza na soko. Vita vilikuwa vimeingia hadi kwenye vibanda vya maziwa na mboga: wanawake wa ukoo mmoja walikuwa hawanunui wala hawauzi kwa wanawake wa ukoo mwingine, na wengine walizuiwa kabisa wasiingie. Kundi hilo likafanya mazungumzo na wauzaji hadi wakakubaliana kwamba soko litakuwa la kila mwanamke bila kuulizwa ukoo wake, na likateua watu wa kuangalia kama makubaliano yanafuatwa na kutatua ugomvi papo hapo kabla haujabebwa kwenda nyumbani kwa wanaume.

Uchaguzi huo wa mahali pa kuanzia ulikuwa wa busara kubwa, na nadhani sababu yake haijasisitizwa vya kutosha. Soko lilikuwa mahali pekee ambapo pande zote zilihitajiana kila siku, na lilikuwa mikononi mwa wanawake, ambao katika mila ya Kisomali wana koo mbili: ile aliyozaliwa na ile aliyoolewa. Vita kati ya Wadegodia na Waajuran vilikuwa kwa wanawake wengi vita kati ya kaka na mume.

Hapa inafaa kutenganisha mambo mawili yanayochanganywa sana. Kutotumia nguvu kwa maana ya Gandhi katika matembezi ya chumvi ya mwaka 1930, au ya watu weusi wa Montgomery waliosusia mabasi kwa siku 381 mwaka 1955 na 1956, ni njia ya wengi wanyonge kumshinda mtawala kwa kumnyima utii anaoutegemea. Utafiti wa Erica Chenoweth na Maria Stephan, uliopitia kampeni 323 za kati ya mwaka 1900 na 2006, ulionyesha kwamba zile zisizotumia silaha zilifanikiwa katika asilimia 53, ilhali zenye silaha zilifanikiwa katika asilimia 26. Takwimu hizo hunukuliwa siku hizi hata kwenye semina za ugomvi wa mashamba, jambo ambalo si sahihi, kwa kuwa zinapima harakati za umma dhidi ya serikali na wavamizi. Majirani wawili wanaouana hawana mtawala wa kumgomea. Wanachokuwa nacho ni kuhitajiana, na pale kuhitajiana kunapoonekana kwa macho, kama ilivyokuwa kwenye soko la Wajir, kuna kitu cha kushika. Zaidi ya hapo njia zinaachana, na mifano ya India na Alabama haisaidii sana.

Soko lilipotulia, wanawake waliwaendea wazee, kwa kuwa walijua mipaka yao: katika xeer ni wazee wanaume wanaoweza kuufunga ukoo kwa ahadi. Wafanyabiashara walisaidia gharama za vikao. Kukatokea tatizo la kawaida la vikao vya namna hiyo, kwamba hakuna ukoo mkubwa uliokuwa tayari kuongozwa na mwingine, na suluhisho lililopatikana lilikuwa kuwaomba wazee wa koo ndogo, zisizokuwa na upande vitani, wawe wasuluhishi. Unyonge wao, ambao siku nyingine ungewafanya wasisikilizwe, ndio uliowafanya waaminiwe. Mwezi Septemba 1993 wazee walikubaliana juu ya kanuni za kurejesha amani na za mahusiano ya koo baada ya hapo, zikajulikana kama Azimio la Al-Fatah, na wanawake na vijana wakazunguka kulieleza kwa watu.

Kazi zilezile, mikono mingine

Maazimio ya amani huandikwa kila mwaka katika Pembe ya Afrika, na mengi hufa kabla wino haujakauka. Tofauti ya Wajir ilikuwa kwamba nyuma ya azimio kulikuwa na utaratibu uliochukua kazi za kisasi moja baada ya nyingine.

Chukua siku ya mauaji yenyewe. Kijana ameuawa malishoni, na habari inakimbia kwa ngamia na kwa redio ya upepo ikiongezeka chumvi kila inapofika. Kwa kawaida jioni hiyohiyo ingekwisha kuwa habari ya ukoo fulani kuua watu wetu. Chini ya utaratibu mpya, timu ya dharura ya wazee, wanawake, viongozi wa dini na maofisa wa usalama iliondoka kwenda hapo mahali haraka iwezekanavyo. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kujua aliyeuawa ni nani, aliyeua ni nani na kisa ni kipi, kisha kuzipeleka habari hizo kwa pande zote mbili kwa kinywa kimoja. Jina la mtu likishapatikana, kosa linakuwa na mwenyewe. Ukoo wa muuaji nao unakuwa na nafasi ya kusema mbele ya watu kwamba haukumtuma na kwamba utalipa, jambo ambalo hauwezi kulisema ukiwa tayari umeshambuliwa.

Halafu linakuja deni. Kwa kipimo cha kale cha xeer, dia ya mwanamume ni ngamia 100, ingawa mara nyingi hupunguzwa kwa mazungumzo au kugeuzwa kuwa fedha. Hakuna mtu mmoja anayeweza kulipa kiasi hicho. Hulipwa na kundi zima la ndugu, kila nyumba ikitoa fungu lake. Wasomi wa sheria za kisasa hulikosoa jambo hili kwa kuwa linawaadhibu wasio na hatia, na ukosoaji huo una haki yake, lakini tazama linavyofanya kazi. Mchuma janga hula na wa kwao, na kwa hiyo wa kwao wana kila sababu ya kumzuia mapema. Mzee aliyelipa ngamia wawili mwaka jana kwa upuuzi wa mpwa wake atakuwa macho zaidi ya askari yeyote pindi mpwa huyo atakapoonekana tena anaazima bunduki. Ulinzi uliokuwa ukitafutwa kwa woga wa kisasi sasa unapatikana kwa woga wa gharama, na mjane anapata mifugo ya kulelea watoto, kitu ambacho maiti ya adui haikuwahi kumpa.

Mwaka 1995 makundi ya wanawake, wazee, vijana, viongozi wa dini na mashirika yalikusanywa katika Kamati ya Amani na Maendeleo ya Wajir, iliyowekwa ndani ya muundo wa kamati ya maendeleo ya wilaya chini ya mkuu wa wilaya. Hatua hiyo ilikuwa na maana kuliko inavyosikika. Ofisi ileile ya serikali ambayo miaka 11 kabla ilihusishwa na Wagalla sasa ilikaa meza moja na watu wa soko, na askari walipokwenda malishoni walikwenda pamoja na wazee. Dekha Ibrahim Abdi alipewa Tuzo ya Right Livelihood mwaka 2007 kwa kazi iliyoanzia hapo, na alifariki Julai 2011 kutokana na ajali ya barabarani.

Limebaki suala la heshima, na hapa mfano wa Kosovo, kusini mashariki mwa Ulaya, unaeleza vizuri kuliko wa Wajir. Waalbania wa Kosovo walikuwa na desturi ya visasi vya damu iliyofungia wanaume majumbani kwa miaka. Mapema mwaka 1990, baada ya Serbia kuwanyang'anya mamlaka ya kujitawala, vijana na wanafunzi, baadhi yao waliokwisha kufungwa kwa sababu za kisiasa, walianza kuzitembelea familia zinazodai damu, wakiungana na Anton Çetta, profesa mzee aliyekuwa amekusanya hadithi na nyimbo za vijijini maisha yake yote. Hawakuahidi fidia. Waliiomba familia isamehe kwa jina la watu wake, vijana na bendera, na msamaha huo ulitangazwa hadharani. Tarehe 1 Mei 1990, huko Verrat e Llukës, ulitangazwa mbele ya umati mkubwa mno wa watu. Kwa jumla takriban visasi 1,000 vilifungwa. Familia iliyosamehe faraghani ingeonekana imeogopa. Iliyosamehe mbele ya umma, ikiombwa na taifa zima, ilipata heshima ambayo bunduki isingeipa, maana ilikuwa imetoa kitu ambacho kila mtu alijua ina uwezo wa kukidai.

Jambo hilo hupuuzwa sana na wapatanishi wenye haraka. Msamaha wa asiyeweza kulipiza hauhesabiwi kuwa msamaha, wala haumzuii mchokozi. Kwa hiyo upatanishi mzuri humwacha aliyedhulumiwa aseme wazi kwamba ana haki na ana uwezo, na humfikisha aliyedhulumu mahali pa kukiri mbele ya mashahidi. Anayeharakisha kupeana mikono ili picha ipigwe anamnyang'anya mfiwa kitu pekee kilichobaki mkononi mwake.

Palipo na ufa

Utaratibu wa Wajir una mipaka, na ya kwanza ilionekana mapema. Oktoba 1998 wafugaji wa Kidegodia walishambuliwa mahali paitwapo Bagalla, wakauawa zaidi ya watu 100 na mifugo maelfu kuchukuliwa. Washambuliaji walitoka nje ya duara la waliokubaliana mwaka 1993, na mkataba wa aina hii humbana yule tu ambaye ndugu zake wanaweza kufikiwa na kudaiwa. Duara likabidi lipanuliwe: mwaka 2001 viongozi wa wilaya kadhaa za kaskazini walikutana Modogashe na kuweka viwango vya pamoja vya fidia, ngamia 100 kwa mwanamume aliyeuawa na 50 kwa mwanamke.

Viwango hivyo viwili ndivyo ufa wa pili. Wanawake ndio walioufungua mlango wa amani, na maandishi ya amani yakaja kuuthamini uhai wao kwa nusu. Watetezi wa mila husema kwamba kipimo hicho ni cha zamani na kwamba kukigusa kungevunja makubaliano yote. Huenda ni kweli, lakini mwanamke wa Wajir ana haki ya kuuliza kwa nini kila jambo gumu linaweza kujadiliwa barazani isipokuwa hilo. Kuna pia suala la mauaji kumalizwa kwa mifugo huku muuaji akibaki huru na mashahidi wakikataa kwenda mahakamani. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 159, inaziagiza mahakama kuendeleza njia za jadi za kutatua migogoro, mradi zisikiuke haki za msingi wala kupingana na Katiba. Mstari huo ni rahisi kuandikwa na mgumu kuchorwa malishoni, ambako hakimu akimfunga muuaji bila dia kulipwa, familia ya marehemu huona bado inadai.

Baada ya machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, serikali ilianza kueneza kamati za amani katika wilaya zote, na nyingi zikawa majina kwenye karatasi, kwa kuwa ziliundwa kwa waraka kutoka juu ilhali ya Wajir iliundwa na watu waliokuwa wamezika. Hata Wajir kwenyewe mapigano hayakutoweka. Mwaka 2013 ugatuzi ulileta kiti cha gavana na bajeti ya kaunti, kitu kikubwa kuliko kisima chochote kilichowahi kugombewa, na kufikia mwaka 2014 Wadegodia na Wagarre walikuwa wakiuana tena kwenye mpaka wa Wajir na Mandera, maelfu ya watu wakikimbia makazi yao.

Jibu la wazee katika kaunti hizo limekuwa kuupeleka utaratibu uleule kwenye siasa: koo hukaa kabla ya uchaguzi na kugawana viti, nani awe gavana, nani seneta, nani mbunge, ili siku ya kura isiwe siku ya vita. Njia hiyo imepunguza joto katika baadhi ya chaguzi, na hilo si dogo. Lakini vikao vya kugawana ni vya wazee wanaume wa koo kubwa. Koo ndogo, ambazo mwaka 1993 zilikabidhiwa usuluhishi kwa sababu ya udogo wao, sasa hupewa mabaki kwa sababu hiyohiyo, na wanawake husubiri nje kuambiwa kilichoamuliwa. Wanaodai nafasi ndani ya vikao hivyo hujibiwa kwamba wanahatarisha amani.